Bahari Imefika Ikonge

Ikonge, 9 Februari 2025

Mwanangu Mokua,

Bwakire. Najua pengine utaisoma hii jioni, lakini mimi naandika asubuhi, na salamu ni ya anayesalimu. Hapa hatujambo. Mvua imechelewa na chai imenyauka kidogo. Ng'ombe mwekundu amezaa dume tena, ni kama ananikomoa. Jirani yangu Damaris ameweka jino la dhahabu, na tangu aliweke anacheka hata matangani.

Utauliza kwa nini naandika barua ilhali nina simu. Ni kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "network mbaya, Mama Mkubwa, nakupoteza." Kwenye karatasi hunipotezi. Tena nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitatu. Mtu akinidanganya kwa maandishi naona mahali kalamu ilipotetemeka. Barua zako nitazisahihisha kwa wino mwekundu na kukurudishia, ujue hivyo.

Sasa sikiza. Unalikumbuka lile sanduku la kioo? Baba Mkubwa wako Ombui alimpa kazi ya kulitengeneza Nyakundi, fundi wa madirisha, wiki ile ulipoitwa chuo kikuu kusomea mambo ya bahari. Alisema, "Kijana akimaliza ataniletea bahari niione nikiwa kwenye kiti changu." Ulimaliza, bahari haikuja, nami nikafugia vifaranga humo. Vifaranga nimewatoa. Nataka bahari. Maji ya chumvi, samaki wa rangi, yale matumbawe yanayochanua, vyote. Nimeshamwambia Damaris kwamba akina mama wa Dorkasi wa kanisani watakuja kuitazama Desemba, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma.

Na jambo la pili. Agosti hii Baba Mkubwa wako anatimiza miaka mitatu ardhini. Yeye ndiye aliyekulea tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja, baba yako alipofariki na ukaletwa kutoka Kisumu hujui hata neno moja la Ekegusii. Hukumtupia udongo. Ulisema ulikuwa kwenye meli ya utafiti. Sawa. Hiyo meli imetia nanga sasa, au bado? Njoo unifungie pampu za hilo tangi, na ukiwa hapa upite nyuma ya nyumba umsalimu.

Mimi niliyekufundisha kuandika insha,
Mama Mkubwa wako, Nyanchera.


Mombasa, 20 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku limezidi, hata feni inatoka jasho. Mama yangu Gentrix ananiambia kutoka Kisumu nikusalimu, na kwamba ile ndizi uliyomtumia Krismasi watu walitaka kuipigania.

Kuhusu bahari, nakuomba ufikirie tena. Samaki wa maji ya chumvi si kuku. Kuku akikosewa analia. Samaki huyu akikosewa anakufa kimya na kukuachia lawama. Maji yapimwe kila wiki, joto lisipande wala kushuka, taa iwe ya aina yake. Hata watu wenye pesa zao huku Nyali wanashindwa na kugeuza tangi kuwa kabati la viatu.

Lakini nakujua. Ukishamwambia Damaris, hata malaika hawezi kukurudisha. Kwa hiyo nakutumia kwa basi pampu, hita, chumvi maalum ya matangi, kipima chumvi, vichupa vya kupimia maji, na mawe hai kilo ishirini. Mawe hayo yamejaa viumbe visivyoonekana kwa macho. Hao ndio watakaokula uchafu wa samaki, bila wao hakuna bahari. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga kwenye karai moja kwa moja kutoka mbinguni, si ya kutoka kwenye mabati. Na tafadhali, sabuni isikaribie hilo tangi hata kwa harufu. Ukitaka kutia mkono, nawa kwa maji matupu.

Kuja sitaweza. Kazi ya kituo cha utafiti imekuwa nyingi mno.

Mwanao,
Mokua.


Ikonge, 16 Machi 2025

Mwanangu,

Buya mono, tumeamka salama. Damaris ameng'oka jino la dhahabu akitafuna mahindi ya kuchoma na ameshinda siku mbili akilichungulia mahali ambapo sitakutajia kwenye karatasi. Mvua nayo imefika, asante Mungu.

Mzigo nimeupokea Kisii mjini. Nimeisoma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, mwandiko mzuri. Makarai yangu yote yamejaa maji ya mvua. Damaris alitaka kulivuta na lile lililo chini ya ghala nikamfokea, nikamwambia hilo lina kazi yake, aliache hapo hapo.

Sasa yale mawe. Mokua, yalinuka! Nilifungua boksi sebuleni na paka akatoka kupitia dirishani. Nikasema, yaya, hapana, kitu kilichotoka Mombasa hakiingii kwangu kikiwa kibichi. Nikayatia kwenye ile sufuria ya harusi, nikayachemsha saa mbili na ndimu kumi. Sasa yananukia vizuri, meupe pe, hata mgonjwa unaweza kumpa. Nimeyapanga kwenye tangi kama madaftari.

Kama ungekuwa hapa labda ungeniambia kama nimekosea. Lakini haupo.

Nyanchera.


Mombasa, 24 Machi 2025

Mama Mkubwa! Jameni!

Shikamoo kwanza. Poleni kwa jino.

Umechemsha mawe HAI? Kwa ndimu? Wallahi nilipofika hapo nilikaa chini. Nimekueleza kwamba yana viumbe, na viumbe ndio kazi yote, wewe umepika mchuzi! Yatoe yote. Nakutumia mengine kilo ishirini, yaingie kwenye maji ya chumvi yakiwa na harufu yao hiyo hiyo. Paka atazoea.

Halafu usubiri wiki sita bila samaki hata mmoja. Maji yataingia ukungu, yatatoa uvundo, kisha yatatulia. Kila Jumapili pima amonia na nitriti, na vikifika sufuri vyote viwili uniambie. Hita usiitoe kabisa, Ikonge ni baridi na hawa ni viumbe wa joto. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu ya mvua, usiongeze chumvi, kwa sababu chumvi haikauki, inabaki.

Mambo ni hayo tu. Soma mara mbili.

Mokua.


Ikonge, 11 Mei 2025

Mwanangu Mokua,

Hatujambo. Chai imetoka vizuri mno mwezi huu, mgongo wangu ndio haujatoka vizuri. Barua yako narudisha. Hilo "wallahi" nimelikata kwa wino mwekundu, wewe ni mtoto wa Kisabato hata kama unakaa Mombasa. "Mambo ni hayo tu" nimekupa vema moja.

Sina habari njema. Chumvi yako ilimwagika, nikaona isiwe taabu, nikaongeza ile ya ng'ombe, lile donge la kulambwa. Si chumvi ni chumvi? Ng'ombe mwekundu ananiangalia vibaya tangu siku hiyo. Hita nayo niliona inakula stima bure, nikaichomoa na kuweka jiko la makaa chini ya meza. Stima ilipopotea siku nzima na pampu ikazima, nilikoroga maji kwa mwiko kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, nikiimba. Mwiko mpya lakini, haujagusa ugali.

Nadhani nimeharibu kila kitu. Bila mtaalamu kuja hapa mwenyewe, sioni kama kutakuwa na bahari.

Nyanchera.

Nilisahau. Vipimo vya leo: chumvi 35, joto nyuzi 25, amonia sufuri, nitriti sufuri. Jumapili tatu mfululizo.


Mombasa, 20 Mei 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na ng'ombe ameshakusamehe.

Nimesikitika sana, sana, kuhusu donge la kulambwa. Nimeliweka jambo hilo moyoni. Hata hivyo nimeangalia vipimo vyako na kwa muujiza fulani naona samaki wanaweza kuingia. Nakutumia wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja wa kusafisha, na kaa watano wadogo wanaobeba nyumba za konokono mgongoni. Hao ni wafagizi. Kuna na vipandikizi vitatu vya matumbawe, vimeoteshwa kwa kibali, havikung'olewa baharini. Vinakatwa na kuota kama miche ya chai, kwa hiyo hapo mimi ndiye mwanafunzi wako.

Jambo moja la kitaalamu ambalo wengi hawalijui. Matumbawe machanga yakihamishwa hujifunga kwa huzuni. Yanataka mtetemo wa sauti nzito ya kiume. Tafuta mzee wa kanisa mwenye besi nzuri, aimbe mbele ya tangi kila siku saa kumi na mbili asubuhi, beti zote, bila kuruka. Ikibidi apige magoti ili mdomo ulingane na kioo.

Ukishindwa, mlaumu mtaalamu.

Mokua.


Ikonge, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, hasa kutoka kwa Mzee Ishmael, ambaye sauti imemkauka.

Samaki walifika wakiwa hai kuliko dereva wa basi. Yule mkubwa nimemwita Mheshimiwa, maana anazunguka siku nzima akikagua kazi ambayo hafanyi. Mdogo ni Msaidizi. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha Ombui na taa ya tangi ikiwaka, nikasahau mboga za chinsaga jikoni mpaka zikaungua. Mokua, sikujua kitu kinaweza kuwa kizuri hivyo ndani ya nyumba ya mabati.

Mzee Ishmael alikuja na Biblia. Kumbe Damaris alikuwa amempelekea maneno.

"Nyanchera," akasema, "hawa ni kaa. Na yule ni kamba. Mambo ya Walawi kumi na moja, kisicho na mapezi na magamba ni machukizo kwenu."

Nikamwambia, "Mzee, hebu soma tena pole pole. Imekatazwa kuwala. Haijakatazwa kuwaajiri."

Akaurudia mstari ule kwa kidole. Kisha akauliza, "Wanafanya kazi Sabato?"

Nikamwambia sijawaona wakipumzika, lakini yeye ndiye mzee wa kanisa, awahubirie. Akavuta kiti ili awaangalie vizuri, na alipoondoka alikuwa amemaliza kikombe cha tatu cha chai.

Na hiyo besi yako nilimpatia yeye yeye. Ameimba siku tisa, magoti juu ya gunia. Siku ya kumi nikamwambia matumbawe yamechanua, apumzike. Yalikuwa yamechanua tangu siku ya pili. Unadhani mimi sijui mwanafunzi akinifanyia mzaha? Nimekaa na watoto wa darasa la sita miaka yote hiyo. Lakini anaimba vizuri, na mimi asubuhi huwa mpweke.

Jumapili tarehe kumi na saba Agosti ni kumbukumbu ya Ombui. Tutapika, tutaomba, tutakula. Njoo, Mokua. Sikuambii kwa mzaha.

Nyanchera.


Mombasa, 10 Julai 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole ya koo kwa Mzee Ishmael. Nimecheka mpaka jirani akabisha hodi.

Kuna jambo sikukueleza kuhusu hao samaki. Kwa aina hiyo, mkubwa ndiye mke. Wote huanza wakiwa madume, kisha anayetawala anageuka kuwa jike. Akifa, yule mdogo anakua na kuchukua nafasi yake. Naomba usimwambie Mzee Ishmael kabla hajapona koo.

Kuhusu tarehe kumi na saba, inanisikitisha. Kituo kinatuma meli mwezi huo wote. Nimeomba ruhusa na haikuwezekana. Mtaniombea huko.

Mokua.


Ikonge, 3 Agosti 2025

Mokua,

Mheshimiwa ni mama, nimefurahi sikumbadilisha jina.

Lakini leo amelala upande karibu na sakafu ya tangi, hatingishiki. Sijui la kufanya. Njoo.

N.


Mombasa, 12 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Nilianza kukuandikia kuhusu dawa. Niliandika ukurasa mzima, nikauchana.

Hukuchemsha yale mawe. Donge la ng'ombe halikuingia kwenye maji, jiko halikuwekwa chini ya meza. Tangi la namna hiyo haliwezi kusoma chumvi 35 na joto 25 Jumapili tatu mfululizo. Ulishindwa kuficha vipimo kwa sababu wewe ni mwalimu na ulitaka nione umepata mia kwa mia. Nimejua tangu Mei. Nilinyamaza kwa kuwa kila ulipodanganya ilikuwa ni njia ya kuniambia njoo, na mimi sikuthubutu kuja.

Sasa zamu yangu. Hakuna meli. Haijawahi kuwepo. Mkataba wangu pale kituoni uliisha Julai ile ya mwaka wa ishirini na mbili, wiki mbili kabla Baba Mkubwa hajafariki. Nafanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo. Nasugua vioo vya matangi ya watu.

Ulipopigiwa simu kwamba amefariki, nami nikapigiwa na wazee. Waliniambia, wewe ndiye kijana aliyesomeshwa na huyu mzee, ng'ombe wa kuchinjwa matangani ni juu yako kumleta. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na nauli na shati jeupe tu. Mama Mkubwa, nilikuja. Nilifika Kisii mjini asubuhi ya mazishi. Nilikaa kwenye kibanda nikaagiza chai, nikaagiza nyingine, nikijiambia nikimaliza hii naondoka kwenda Ikonge. Nikawaona akilini wazee wote wakiangalia nyuma yangu kutafuta ng'ombe. Saa nane nikapanda basi la kurudi.

Alinilea, nikashindwa kumalizia kilomita zilizobaki kwa sababu ya ng'ombe. Nimeona aibu kila siku tangu hapo. Sasa unajua. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Mokua.

Mpimie Mheshimiwa maji. Kama yako sawa, mwache tu.


Ikonge, 31 Agosti 2025

Mokua,

Hatujambo. Ya Damaris na ya chai nitakuandikia siku nyingine, leo nina hasira.

Tarehe kumi na saba ilipita. Tulikuwa watu arobaini. Barua yako ilifika kesho yake. Nimeisoma mara nne na sikuipiga mstari hata mmoja.

Mheshimiwa haumwi. Ndivyo anavyolala. Kila siku taa ikizimwa anajilaza upande kama mlevi, na asubuhi anaamka kukagua kazi. Nilijua unajua, nikasema wacha nijaribu mara ya mwisho.

Kuhusu duka, nilijua tangu Machi. Kwenye boksi la kwanza ulibandika karatasi ya duka lenyewe, na chini imeandikwa "imefungwa na Mokua." Mtu wa meli ya utafiti hafungi maboksi.

Na kuhusu Kisii, Benard, yule anayepeleka wagonjwa na gari lake, alienda mjini kuchukua soda siku ile ya mazishi. Alirudi akaniambia, "Mwalimu, Mokua yuko Kisii, amevaa shati jeupe, anakunywa chai." Nilifurahi, unasikia? Katikati ya matanga nilifurahi. Nikaangalia barabara mpaka giza likaingia. Hicho ndicho kilichoniumiza, si ng'ombe. Ng'ombe tulikuwa naye, tulikula, na wazee hao hao ndio walioomba supu mara ya pili. Hakuna aliyeuliza alitoka wapi. Miaka mitatu nakungoja uniambie kwa mdomo wako, nawe unaniletea meli!

Ombui hakukusomesha ili umletee ng'ombe. Alitaka bahari. Umeileta, ingawa kwa basi na kwa kuchelewa.

Kuna kitu chako hapa. Sikitumi kwa mzigo. Njoo ukichukue.

Nyanchera.


Mombasa, 15 Novemba 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimechukua muda mrefu kujibu. Kila nilipoanza niliona kama naandika kwa mtu asiyenijua, na wewe unanijua mno.

Nimeomba likizo dukani, safari hii ya kweli. Nitafika Jumapili tarehe saba Desemba, saa nne hivi. Sina ng'ombe. Nina begi moja, vipandikizi viwili vya rangi ya zambarau, na hofu.

Mokua.


Ikonge, 7 Desemba 2025
(Imebandikwa kwenye kioo cha tangi)

Mwanangu Mokua,

Karibu nyumbani. Uji uko kwenye thamosi, ndizi ziko mezani, zimefunikwa kwa sahani. Usinitafute, niko kwa Damaris, na si kwamba nina shughuli huko. Nimeondoka kwa makusudi. Nikikuona ukishuka barabarani nitalia, halafu nawe utalia, na Mzee Ishmael atatokea na wimbo.

Tazama tangi kidogo tu. Vile vipandikizi vitatu sasa ni kumi na saba. Nilivikata kama miche ya chai na kuvigundisha kwenye vipande vya jiwe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago, jiwe tupu lisilopakwa rangi wala nta. Shule moja ya Nyamira imeomba tangi kama hili, na hoteli moja ya Kisii nayo imeulizia. Nimewaambia mtaalamu wangu anakuja leo, na kwamba hutembea na begi moja. Ukitaka kurudi kusugua vioo vya Mombasa, rudi. Ukitaka vya hapa, vipo.

Lakini hayo ni baadaye. Kwanza nenda chini ya ghala. Kuna karai limefunikwa kwa gunia. Siku ile Benard aliponiambia uko Kisii, niliwaambia wanaofukia kaburi wasimalize udongo wote. Nikawaambia, bakisheni, Mokua yuko njiani. Jioni walitaka kuumwaga nikakataa. Nikauweka hapo. Miaka mitatu hakuna aliyeligusa karai hilo, hata kipindi cha kukinga mvua.

Huo ni wako. Lichukue, upite nyuma ya nyumba, umtupie Baba Mkubwa wako. Chukua muda unaotaka. Mwambie kila kitu, hata chai ya Kisii. Alikuwa mtu wa kucheka.

Ukimaliza, rudi uwalishe samaki, ni saa yao. Ila nawa mikono kwanza. Na unajua masharti ya tangi, ni wewe uliyeniandikia.

Mama yako,
Nyanchera.


Ikonge, siku hiyo hiyo
(Imeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi)

Mama,

Udongo ulikuwa umekauka na kushikana. Nimeuvunja kwa mikono, wote, sikutumia jembe. Nimemweleza yote. Nadhani kwenye ng'ombe alicheka.

Karai nimeliosha na kulirudisha na mengine, sasa linaweza kukinga mvua.

Mheshimiwa amekula. Msaidizi amekula. Kaa wako wanafanya kazi Jumapili.

Nimenawa mikono mara tatu. Bila sabuni.

Toka kwa Damaris uje. Nakuona unachungulia kwenye ua.

Mokua.